Jibu Nalo Linahitaji Njia

Pakiti nyingi zinazodhaniwa zimepotea huwa zimefika. Zimepita kwenye waya, zimevuka ruta, zimeifikia kompyuta zilikotumwa na zimepokewa. Kilichopotea ni jibu. Aliyetuma anabaki akikodolea kioo macho, anasoma kwamba muda umekwisha, na anaamua kuwa njia ya kwenda imeharibika. Hapo anaanza kurekebisha upande ambao haukuwa na tatizo lolote.

Mimi ni mwalimu wa mitandao ya kompyuta. Katika masomo yote ninayofundisha, lililonifungua macho zaidi kuhusu jambo hilo ni lile la kuunganisha ruta pepe na mtandao wa kompyuta mwenyeji kwenye Linux. Ukilitazama kwa mbali ni jambo dogo. Ruta isiyo na umbo, inayoishi ndani ya kumbukumbu ya kompyuta ya mkononi, inatakiwa itoke nje ya programu yake, izungumze na kompyuta inayoibeba, na kupitia kwayo ifike kwenye mtandao wa nyumbani na hatimaye kwenye intaneti. Amri zote za kazi hiyo hazijazi ukurasa. Lakini kila hatua inakuuliza kama upande wa pili unakujua, na kama unakujua, utakupata kwa kupitia wapi.

Kwanza nieleze kwa nini tunahangaika na ruta pepe. Ruta halisi za kujifunzia ni ghali, na mwanafunzi hatosheki na moja, kwa sababu anachojifunza ni namna ruta zinavyopashana habari. Anahitaji tatu, nne, wakati mwingine zaidi. Chuo chenye maabara nzuri huwa nazo chache, na darasa zima linazigombea. Mwaka 2005 Mfaransa Christophe Fillot, wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Compiègne, alianza kuandika Dynamips, programu inayoiga mashine ya ruta ya Cisco 7200 kwa uaminifu kiasi kwamba mfumo wa Cisco unawaka ndani yake bila kujua kuwa hauko kwenye chuma. Baadaye Jeremy Grossmann akaanzisha GNS3, na mtu akaweza kuchora mtandao mzima kwa kipanya kisha akauwasha. Leo milango imezidi kufunguka. Kuna FRRouting, ambayo ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Kuna CHR, ruta pepe ya MikroTik, ambayo usipoilipia leseni huachia megabiti 1 tu kwa sekunde kwenye kila kiolesura, kasi inayotosha kabisa kwa kujifunza. Watoa huduma wadogo wa intaneti katika nchi zetu wengi wanatumia vifaa vya MikroTik, kwa hiyo kijana anayefanya mazoezi chumbani kwake Mbagala anakizoea chombo atakachokikuta siku ya kwanza kazini. Kwangu hili ni jambo la haki. Elimu iliyokuwa ikihitaji chumba chenye kiyoyozi na kabati la vyuma imeingia kwenye kompyuta iliyonunuliwa mtumba.

Dynamips ilikuwa na tabia moja ambayo bado naifikiria. Ruta inayoigwa ikikosa kazi haitulii. Inazunguka kwenye kitanzi cha kusubiri, na programu inayoiiga haiwezi kutofautisha kusubiri na kufanya kazi, hivyo kichakataji cha kompyuta kinatumika kwa asilimia 100 hata kama hakuna pakiti inayopita. Dawa yake ni kutafuta mahali hasa kitanzi hicho kinapoanzia, thamani iitwayo Idle-PC, na kuiambia programu kwamba ruta ikifika hapo ipumzike. Nimewaona watu waliochoka kwa kusubiri kuliko wanavyochoka kwa kazi, na hakuna aliyewasaidia kutambua kuwa pale walipo ni pa kupumzika. Lakini hilo ni somo jingine.

Turudi kwenye kuunganisha ruta pepe na mwenyeji wake: Linux ina kadi ya mtandao isiyo na chuma inayoitwa TAP. Upande mmoja kiini cha mfumo kinaiona kama kadi nyingine yoyote. Upande wa pili kuna programu, kama QEMU au Dynamips, iliyoshika ncha yake na kusoma kila fremu inayotoka na kuandika kila inayoingia. Unaiunda kwa amri `ip tuntap add dev tap0 mode tap`, unaiwasha kwa `ip link set tap0 up`, unaipa anwani. Kisha unatazama hali yake na kukuta maneno NO-CARRIER. Ipo, imewashwa, ina anwani yake sahihi, na haipitishi chochote. Wanafunzi wengi hapa huanza kubadilisha anwani. Anwani haina kosa. Ni kwamba ruta pepe haijawashwa, na hakuna aliyeshika ncha ya pili.

Karibu kila ofisi ya umma ninayoingia ina sanduku la maoni ukutani. Lina rangi nzuri, lina kufuli, na karatasi zilizomo huwa zimekuwa za njano. Kiolesura kipo, na anwani ni sahihi. Huwa nawaambia wanafunzi wangu wasimwambie mtu kwamba mlango uko wazi kabla ya kuthibitisha kwamba ndani kuna mtu. Nami nalichukua neno hilo kwa uzito nikiwa kwangu, kwa sababu watoto wanajua upesi sana lini baba yupo na lini ni kiti chake tu kilichopo.

Ukishakuwa na tap0 inayopitisha pakiti, unalazimika kuamua ruta yako itakuwa nani kwenye mtandao. Njia ya kwanza ni daraja. Unaunda br0, unaingiza ndani yake kadi ya waya eth0 pamoja na tap0, na kuanzia hapo ruta pepe inakuwa mkazi kamili. Inapata anwani palepale zinapopata kompyuta nyingine, na aliye nje hana namna rahisi ya kujua kwamba haina chuma. Ni usawa mkubwa, na una gharama yake. Kadi ya eth0 ikishaingia kwenye daraja haisemi tena kwa jina lake. Anwani ya IP iliyokuwa nayo lazima iondolewe na kupewa br0. Ukiiacha kwenye eth0, kompyuta mwenyeji inaanza kuyumba, kwa sababu fremu zote zinazoingia hunyakuliwa na daraja kabla hazijafika mahali ile anwani inapozisubiri.

Hatua hii huwasumbua wanafunzi kuliko nyingine zote, na nadhani ni kwa sababu haiko kwenye kompyuta peke yake. Niliwahi kuwa mwanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa mtaani kwetu. Watu walikuwa wema, michango ilikuja kwa wakati, katiba iliandikwa vizuri. Lakini akaunti ya benki ilibaki kwa jina la mtu mmoja aliyeianzisha, mwaminifu kabisa, ambaye hakuona sababu ya kubadilisha. Hakuiba hata senti. Hata hivyo kila jambo lilikwama kwake: akisafiri hatukopi, akiugua hatuweki. Kikundi kilianza kupumua siku akaunti ilipofunguliwa kwa jina la wote, naye akawa mmoja wa watia saini. Hakupungukiwa kitu. Alianza kusema akiwa mahali ambapo wote tunakutana, na sauti yake ikafika mbali zaidi ya zamani.

Daraja lina adabu yake pia. Mwaka 1985 Radia Perlman, akiwa kampuni ya Digital, alibuni utaratibu wa kuzuia madaraja yasizungushe fremu zilezile bila mwisho, unaojulikana kwa kifupi STP. Katika mpango wake wa kawaida, mlango mpya wa daraja hukaa sekunde 15 ukisikiliza, sekunde nyingine 15 ukijifunza nani yuko upande gani, ndipo unaanza kupitisha maneno ya watu. Wanafunzi huziona sekunde hizo 30 kama ubovu. Mimi naziona kama muda mfupi sana ukilinganisha na madhara ya kitanzi, ambacho kinaweza kuuzima mtandao mzima wa jengo kabla hujanyanyua simu.

Kwa wengi wa vijana wangu, hata hivyo, daraja halifanyi kazi kabisa, na si kwa kosa lao. Kompyuta zao hazina waya. Wanapata intaneti kwa Wi-Fi, mara nyingi kutoka kwenye simu zao wenyewe. Kituo cha Wi-Fi humhudumia yule tu aliyejitambulisha kwake na kukubaliwa. Fremu ikitoka kwenye ruta pepe ikiwa na anwani ya kadi ambayo kituo hakijawahi kuisikia, inatupwa, na hakuna ujumbe wa kukueleza sababu. Hakuna uadui hapo. Kituo hakijapewa namna ya kumjua mgeni wa mgeni wake.

Hapo ndipo inapokuja njia ya pili, NAT, ambayo wengi huikimbilia kwanza. Amri moja ya iptables yenye neno MASQUERADE, na kila pakiti inayotoka kwenye ruta pepe inavishwa anwani ya kompyuta mwenyeji. Nje hakuna anayejua kuwa ruta ipo. Majibu yanarudi kwa mwenyeji, naye anafungua daftari lake la kumbukumbu, anaangalia nani aliyeuliza, anampelekea. Sisi tuliokulia vijijini tunaijua mipango ya namna hii tangu zamani. Nyumbani kwetu, upande wa Masasi, hatukuwa na sanduku la posta. Barua zetu zilipitia S.L.P. ya shule ya msingi. Baba aliandika, akatumia sanduku la shule, na jibu liliporudi mwalimu mkuu alilitazama jina, akampa mtoto wa nyumba ile alipeleke. Mpango ule ulitubeba miaka mingi na ninaushukuru. Lakini ulikuwa na mipaka yake. Mtu wa mbali asingeweza kukuandikia wewe kwanza kama hakujua umejificha nyuma ya sanduku la nani. Na kila kitu kilitegemea kumbukumbu ya aliyesimama katikati.

Kumbukumbu ya Linux nayo ina kikomo. Kwa kawaida rekodi ya ping hukaa sekunde 30 bila mawasiliano, kisha inafutwa. Jibu likija baada ya hapo halina mwenyewe. Ndiyo maana, kwenye maabara, naikubali NAT kwa ajili ya kufika intaneti na naikataa kati ya ruta pepe na kompyuta inayoibeba. Mwanafunzi anayeanza na NAT anafanikiwa haraka, na hajifunzi kujitambulisha. Nina wasiwasi huohuo na kijana mwenye kipaji anayefanya kazi miaka mingi chini ya jina la fundi wake. Riziki anaipata, kazi zinapita, wateja wanaridhika. Siku fundi akistaafu, hakuna hata mteja mmoja anayejua pa kumtafuta.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipenda: kila upande ubaki na mtandao wake, na njia kati yao itangazwe waziwazi. Tuseme tap0 ya kompyuta mwenyeji ina anwani 192.168.100.1, na ruta pepe ya kwanza, tuiite R1, ina 192.168.100.2. Nyuma ya R1 kuna R2, kwenye mtandao wa 10.0.12.0/24, nayo ni 10.0.12.2. R1 inaipigia ping kompyuta, na kwenye kioo cha Cisco zinatokea alama tano: nukta moja, kisha alama nne za mshangao. Nukta ile ya kwanza mara nyingi ni muda uliotumika kuuliza anwani hii ni ya kadi ipi. Wakishaulizana mara moja wanajuana, na zilizobaki zinapita. Vijana wanashangilia. Kisha wanahamia R2, ambayo tayari imeonyeshwa njia ya kwenda 192.168.100.0/24 kupitia R1, wanapiga ping ileile, na wanapata nukta tano.

“Mwalimu, haifiki,” huwa ndiyo kauli ya kwanza.

“Mwanangu, umeenda kumwuliza aliyetumiwa?”

Kumwuliza aliyetumiwa ni kufungua tcpdump kwenye kompyuta mwenyeji na kusikiliza tap0. Programu hiyo iliandikwa mwaka 1988 katika maabara ya Lawrence Berkeley na Van Jacobson, Craig Leres na Steven McCanne, na sijui chombo kingine kinachofundisha unyenyekevu namna ile, kwa sababu hakikubali dhana. Kinaonyesha kilichopita. Na kinachoonekana kwenye tap0 ni maombi ya R2 yakiingia moja baada ya jingine, mazima, na anwani zake zote. Yamefika. Sasa sikiliza wlan0, kadi ya Wi-Fi inayoelekea nje. Kwenye kompyuta nyingi utayaona majibu yakitoka huko, yakielekea kwenye ruta ya nyumbani na kwa mtoa huduma, ambako anwani za 10.0.0.0/8 hazina maana yoyote, kwa kuwa kwa mujibu wa waraka wa RFC 1918 wa Februari 1996 anwani hizo ni za matumizi ya ndani tu. Kompyuta ilijibu. Ilijibu haraka na kwa nia njema. Lakini hakuna aliyeiambia kwamba 10.0.12.0/24 iko nyuma ya R1, hivyo ililituma jibu kwa njia yake ya msingi, njia inayotumia kwa kila isiyemjua.

Dada yangu mkubwa alikwenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani nikiwa bado shule ya msingi. Alituandikia kupitia sanduku la ofisi ya mwajiri wake. Kisha akahama kwa mwajiri mwingine, akaandika barua ndefu ya salamu na habari, akamwuliza baba kama amekubali uamuzi wake wa kuacha ile kazi ya kwanza. Anwani mpya hakuitaja, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeona kuwa ni jambo la kutaja. Baba alijibu wiki ileile, akampa baraka zake, akaipeleka barua kwenye sanduku alilolizoea. Dada akasubiri. Akaandika tena, kwa ufupi zaidi. Baba akajibu tena, palepale. Baada ya muda dada aliamini kuwa baba amekasirika, na baba aliamini kuwa mji umemmeza binti yake. Mama alikuwa akisikiliza magari ya jioni. Kimya kile kilivunjwa na jirani yetu aliyemkuta dada Kariakoo na kurudi na barua mkononi. Kuanzia hapo kila barua ya baba ilianza na swali moja kabla ya salamu: anwani yako bado ni ileile?

Nilikuwa mtu mzima, nimekaa mbele ya mistari ya tcpdump, nilipoelewa kilichotokea kati ya wale wawili. Kila mmoja alikuwa amempenda mwenzake kwa vitendo, kwa kalamu na stempu, na kila mmoja alipokea ukimya. Mapenzi yalikuwepo pande zote mbili, na barua ziliandikwa. Kilichokosekana ni mstari mmoja.

Kwenye kompyuta mstari huo ni `ip route add 10.0.12.0/24 via 192.168.100.2`. Ukiuandika kwenye kompyuta mwenyeji, nukta zinageuka palepale. Hukugusa R2. Hukugusa R1. Umempa anayejibu njia ya kumfikia anayeuliza, basi. Na hata ukitumia NAT kwenda intaneti, mstari huo bado unahitajika, kwa kuwa mwenyeji akishapokea jibu kutoka nje lazima ajue R2 iko upande gani, kama mwalimu mkuu alivyopaswa kujua barua ni ya nyumba ipi.

Kuna hali ngumu zaidi, na nimeikuta kwenye kompyuta nyingi. Linux ina mlinzi aitwaye rp_filter. Akiwekwa kwenye ukali wa 1, kila pakiti inayoingia anaiuliza: kama ningetaka kukujibu, ningetumia mlango huuhuu ulioingilia? Ikiwa jibu ni hapana, anaitupa kimya. Ukiamuru itunze kumbukumbu za pakiti hizo, kompyuta inaziandika kuwa zimetoka kwa viumbe wa Mirihi. Hapo kompyuta haijibu hata kimakosa, kwani asiyejua kukurudia hakubali hata kukusikiliza. Mlinzi huyu ana sababu nzuri, maana anwani za kughushi ni silaha ya wavamizi. Lakini ananikumbusha mikutano ya vijiji ambamo mgeni anasema jambo la maana sana na hakuna anayelipokea, kwa sababu wazee hawajui yeye ni wa nani na watampata wapi kesho likiharibika. Nilipokuwa kijana nililiona jambo hilo kuwa ni ukaidi. Sasa naona walikuwa wanauliza swali la haki, na aliyepaswa kulijibu ni mgeni, kabla ya hoja yake.

Kompyuta mwenyeji pia haibebi mizigo ya wengine mpaka iombwe. Faili `/proc/sys/net/ipv4/ip_forward` lina tarakimu moja tu, na kwa kawaida tarakimu hiyo ni 0. Pakiti inayotoka R2 kwenda intaneti inafika kwa mwenyeji, mwenyeji anaona si yake, anaiacha. Ukiandika 1, anaipitisha. Sina la kuongeza hapo, isipokuwa kwamba watu wengi tunaowalaumu kwa kutotusaidia hawajawahi kuombwa.

Nchi zetu zimewahi kuishi ndani ya tatizo hili kwa ukubwa wake halisi. Mwishoni mwa miaka ya 1990, barua pepe kutoka kwa mteja wa kampuni moja ya intaneti jijini Nairobi kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine jijini humohumo ilipanda setilaiti, ikavuka bahari, ikageuzwa ng’ambo na kurudi. Watoa huduma wakaungana na kuanzisha KIXP, kituo cha kubadilishana mawasiliano, mwaka 2000. Kikafungwa muda mfupi baadaye kwa amri ya mdhibiti, kufuatia malalamiko ya Telkom Kenya iliyokuwa na haki ya pekee ya kupitisha mawasiliano ya kimataifa, kisha kikafunguliwa upya mwaka 2002. Kiufundi hakikuwa kitu kikubwa: swichi, ruta chache, na makubaliano ya kila kampuni kumwambia jirani yake, mitandao yangu ni hii, ukiitaka pitia hapa. Sehemu ya tatu ndiyo iliyokuwa ngumu. Nyaya zilikuwepo, na utaalamu ulikuwepo. Kumtangazia mshindani wako njia ya kukufikia kunataka moyo, na nawaheshimu sana waliofanya hivyo wakati faida yake ilikuwa haijaonekana.

Vijana wakishaandika njia kwa mkono na kuelewa, ninawaachia OSPF, utaratibu wa ruta kutangaziana njia zenyewe. Wanaweka FRRouting kwenye kompyuta mwenyeji, wanaiwasha na kwenye ruta pepe, na ruta zinaanza kujitambulisha zenyewe. John Moy aliuandika utaratibu huo kwa umbo tunalolitumia hadi leo katika RFC 2328 ya mwaka 1998. Kwenye mtandao wa Ethaneti kila ruta hutuma salamu kila baada ya sekunde 10, na isiposikika kwa sekunde 40 majirani huihesabu kuwa imekufa. Lakini kilichomo ndani ya salamu ndicho ninachokipenda. Ruta haisemi tu kwamba ipo. Inataja majirani wote iliowasikia. Nikisikia salamu yako na jina langu halimo, nakuweka kwenye hali ya Init: nakusikia, ila sina uhakika kama wewe unanisikia. Siku nitakapoliona jina langu kwenye orodha yako ndipo tunaingia hali ya 2-Way, njia mbili, na kabla ya hapo sikupi hata njia moja ninayoijua.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza kwa nini ruta isiridhike na kusikia tu, maana sauti ikija si dalili kwamba waya ni mzima? Nikamrudisha kwenye nukta tano za R2. Sauti ya R2 ilifika kwa mwenyeji muda wote. Kama mwenyeji angeanza kuamini kila njia kwa sababu tu amesikia sauti, angepeleka mizigo ya watu mahali asipojua kama kuna mtu wa kuipokea. Akafikiri, kisha akasema kwamba kaka yake aliye Muscat huwatumia fedha kila mwezi bila kukosa, ujumbe wa muamala unafika, na hajawahi kupokea simu yao hata siku moja. Akauliza hiyo ni Init au ni 2-Way. Darasa zima likamgeukia, na sikuwa na haraka ya kumjibu. Nilimwambia ajaribu kwanza kujua kama kaka yake anazipata simu hizo.

Kipindi kijacho tutaziba upande mmoja kwa makusudi. Kila kikundi kitaweka kwenye kompyuta mwenyeji sheria ya iptables inayoruhusu salamu za OSPF zitoke na kuzuia zinazoingia, kisha wataziangalia ruta zote mbili. Mmoja wa majirani atabaki kwenye Init, akimsikia mwenzake vizuri kabisa, na mwingine hataona jirani yeyote. Kabla ya kugusa amri hata moja ya kurekebisha, kila mwanafunzi ataandika kwenye daftari lake ni ruta ipi inasikia, ni ipi haisikiki, na kwa kila jibu anataja ushahidi aliouona kwenye tcpdump, upande wa tap0 na upande wa ruta pepe.